Anayeanza larpu asianze na upanga. Nipingeni kwa hoja

#1 Refa_wa_Zamu (mleta uzi)
Wakuu salaam. Hoja yangu ni hii: anayeingia kwenye larpu, mchezo wa kuigiza ambao kila aliyepo ni mhusika na hakuna anayekaa kutazama, asianze kwa kununua upanga. Aanze na mhusika na maleba, yaani mavazi ya kuigizia. Upanga uje wa tatu, tena baada ya viatu uwe wa nne.

Kwanza, kila mchezo una kanuni zake za silaha: urefu, unene wa sponji, kama kuchoma kwa ncha kunaruhusiwa. Kabla ya kuanza kuna ukaguzi. Mkaguzi anaukunja upanga, anaminya ncha, anabonyeza sponji kwa kidole gumba kutafuta kama kiini, ile fimbo ngumu ya ndani, kinagusika. Ukikataliwa hapo, hela imekwenda. Pili, waandaaji wengi wana silaha za kuazima. Tatu, mwenye upanga asiye na mhusika anazunguka akitafuta wa kupigana naye, na mapigano huchukua sehemu ndogo tu ya saa za mchezo.

Mgeni aanze na nini hasa? Na kwa nini wengi wanacheza mara moja tu, kisha hawaonekani tena?

#2 FundiSponji
Napinga nusu. Kununua hapana, kutengeneza ndiyo. Aliyetengeneza upanga wa mazoezi kwa mikono yake anaelewa kwa nini kanuni ziko vile.

Upanga mfupi wa mazoezi unataka bomba la PVC la nusu inchi lenye urefu wa sentimita 75, vifuniko viwili vya bomba, sponji ngumu isiyonyonya maji yenye unene wa sentimita 1.5 au zaidi, gundi ya viatu, tepu pana ya kitambaa na kitambaa cha kushona ala.

Anza kwa kuziba midomo yote miwili ya bomba. Usiruke hatua hii. Mdomo ulio wazi unakata sponji kidogo kidogo kutoka ndani kila unapopiga, na siku moja bomba linatokeza kwenye ncha. Acha sentimita 20 za mpini, sehemu iliyobaki izungushie sponji hadi ipite mwisho wa bomba kwa sentimita 5. Nafasi hiyo ya ncha ijaze vipande vya duara vya sponji vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine. Chini ya mpini nako weka kitako cha sponji chenye upana wa sentimita 5 au zaidi, maana kitako kigumu kinaumiza kuliko ncha.

Gundi ipake pande zote mbili, subiri dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kwenye kidole, ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi itaachia. Na ukishagusanisha hakuna kurekebisha, kwa hiyo pima kwanza. Fanya kazi penye hewa ya kutosha.

Tepu ilaze kwa urefu wa upanga, usiizungushe. Tepu iliyozungushwa na kukazwa inaibana sponji, na sponji iliyobanwa inakuwa rungu. Ukiweza, acha tepu kabisa, shona ala ya kitambaa.

Ukimaliza, jipige pajani kwa nguvu ileile utakayompiga mwenzako. Ikiwasha, haujakamilika.

#3 NgaoKushoto
@FundiSponji umenena, ila nongeza tahadhari. PVC ya nusu inchi inafaa kwa urefu huo uliotaja. Watu watasoma hapa halafu wakate sentimita 100 na zaidi. Hapo bomba linayumba kama mjeledi: unazuia upanga kwa ngao, ncha inapinda juu ya ukingo wa ngao na kumfikia mtu usoni. Kwa upanga mrefu tumia fimbo ya faibaglasi. Na kwenye baridi kali PVC hupasuka ndani ya sponji bila kuonekana nje. Ukiukunja ukasikia mkwaruzo, tupa. Usitengeneze.

Jingine: sponji zile za kufunikia mabomba ya maji ni rahisi kupata, lakini zinachoka. Minya kwa vidole viwili kabla ya kila mchezo. Ukigusa kiini, badilisha.

#4 BiSindano
Mleta uzi aliuliza kuhusu upanga kutokuwa wa kwanza, posti mbili mbele tuko karakana 🙂

Turudi kwenye maleba. Vazi la kwanza liwe kanzu fupi ya kukata mraba, kwa sababu inabeba wahusika wengi: mkulima, mlinzi, mhunzi, mtumwa aliyetoroka. Mita 3 za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinamtosha mtu mzima, mikono mirefu ikiwemo. Kifua zunguka kwa futi, gawa kwa mbili, ongeza sentimita 10 kila upande wa mbele na nyuma ili upumue na uvae fulana ndani. Chini ya kwapa weka kipande cha mraba cha sentimita 12 hadi 15. Wanaokiruka ndio wale ambao kanzu yao inachanika wanapoinua mkono mara ya kwanza. Pembeni, kuanzia kiunoni hadi pindo, ingiza pembetatu mbili, la sivyo hutakimbia. Shingo kata ndogo kuliko unavyodhani; kupanua ni rahisi. Na kitambaa kifue kabla ya kukata, kisipungue baadaye.

Pamba, kitani au sufi. Poliesta iepuke kama kutakuwa na moto, kwa sababu inayeyuka na kugandia ngozini. Pamba inaweza kuwaka, lakini haigandi.

Halafu mkanda. Kanzu bila mkanda ni nguo ya kulalia. Mkanda na kifuko kimoja cha kuwekea karatasi za mchezo, ufunguo na dawa zako, tayari una umbo la mtu wa hadithini.

#5 Sebuleni
Mnaongea kana kwamba larpu zote ni za porini na panga. Kuna larpu za chumbani: watu 6 hadi 20, saa 3 au 4, chumba kimoja, mhusika unapewa ameandikwa tayari. Familia inagawana urithi. Kikao cha serikali usiku wa mapinduzi. Wafanyakazi wa kituo cha utafiti waliokwama kwenye barafu. Vazi ni shati safi na koti. Mgeni aanze hapa, kwa maoni yangu thabiti. Akiboreka, amepoteza jioni moja. Akianza na mchezo wa siku tatu porini akaboreka, siku tatu zote ni zake.

#6 NgaoKushoto
@Sebuleni lakini chumbani mgeni hana pa kujificha. Porini akizidiwa anakwenda kulinda lango, anatazama wengine wanavyofanya, anarudi. Katika chumba cha watu 8, mmoja akinyamaza hadithi inasimama. Kwa mtu mwenye haya hilo ni gumu kuliko panga kumi.

#7 Sebuleni
@NgaoKushoto ndiyo maana michezo mizuri ya chumbani ina warsha kabla. Nusu saa ya kutembea kama mhusika, kusema sentensi moja moja, kujaribu tukio dogo la zamani kati ya wahusika wawili. Mgeni akifika mwanzo wa mchezo ameshasema, ulimi umefunguka. Tatizo ni waandaaji wanaoruka warsha ili kuokoa muda.

#8 Kumbukumbu82
Tukumbuke pia mchezo huu ulianza Uingereza mwaka 1982, kwenye ngome ya Peckforton, Cheshire. Mchezo uliitwa Treasure Trap. Watu walishuka vyumba vya chini na panga za sponji. Kwa hiyo upanga uko kwenye damu ya larpu, mleta uzi asiudharau.

#9 Mchambuzi_K
@Kumbukumbu82 huo ni wa Uingereza. Marekani kundi la Dagorhir walikuwa wanapigana kwa silaha za sponji tangu 1977, na IFGS, kundi jingine la michezo ya kuigiza, walianza Boulder, Colorado, 1981.

#10 Kumbukumbu82
Dagorhir ni vita zaidi kuliko uigizaji. Ukiihesabu hiyo, basi hesabu na SCA, chama cha kuigiza maisha ya enzi za kati, ya Berkeley, 1966.

#11 Mchambuzi_K
SCA wanapigana kwa fimbo za henzirani wakiwa wamevaa deraya (mavazi ya vita) za kweli, na yule anayepigwa anaamua mwenyewe kama pigo lilikuwa zito la kutosha. Ni utamaduni mwingine. Dagorhir naihesabu, kwa sababu sponji ndiyo iliyofanya mtu wa kawaida aweze kupigana bila deraya. Na ukisema upanga uko kwenye damu, Skandinavia wana larpu nzito zisizo na pigo hata moja, na mkutano wao Knutepunkt unafanyika tangu Oslo 1997.

#12 Refa_wa_Zamu
Historia ifunguliwe uzi wake jamani, nitachangia. Hapa turudi kwa mgeni. Bado hakuna aliyegusa mhusika.

#13 Msuka_Visa
Nagusa mimi. Kosa kubwa la mhusika wa kwanza ni mpweke mwenye siri. Anavaa kofia nyeusi, anakaa pembeni, haamini mtu, familia yake yote ilichinjwa. Kwenye hadithi ya kusoma anavutia, kwa sababu msomaji yumo kichwani mwake. Kwenye larpu hakuna aliye kichwani mwako. Watu wanaona mtu amekaa pembeni, wanaheshimu, wanapita. Saa sita zinakwisha.

Mhusika wa kwanza anahitaji vitu vinne, na vitoshe nusu ukurasa:
– Kazi inayowalazimisha wengine kuja kwake au yeye kwenda kwao: mpiga ramli, mkopeshaji, mganga, mjumbe, mwandishi wa mkataba. Mjumbe ni bora kuliko wote kwa mgeni, ana sababu ya kuzungumza na kila mtu.
– Anachokitaka leo, kabla jua halijazama. "Kulipiza kisasi" hakitoshi. "Kupata sahihi ya mkuu wa mji kwenye hati hii" kinatosha.
– Watu wawili anaowajua tayari. Waandikie wachezaji wao wiki moja kabla, mkubaliane: mmoja anakudai, mmoja ulimwokoa.
– Siri iliyotengenezwa ili ivuje. Iandike kwenye barua uiweke mfukoni. Idondoke. Siri inayokaa mpaka mwisho haikumfaa mtu yeyote, wewe mwenyewe ukiwemo.

Jina liwe fupi. Jina la silabi sita hakuna atakayelikumbuka, utaitwa "wewe mwenye kofia".

#14 BiSindano
👏 "Siri iliyotengenezwa ili ivuje". Hilo ningeliandika mlangoni pa kila mchezo.

#15 MgeniNjiani
Asanteni sana. Swali: kwenye mapigano najuaje nimepigwa mara ngapi na lini nimekufa? Na nipige kwa nguvu kiasi gani?

#16 Refa_wa_Zamu
@MgeniNjiani karibu. Kuna mifumo miwili mikuu. Mmoja, una idadi moja ya uhai kwa mwili wote, tuseme 3; kila pigo linapunguza moja, likiisha unaanguka. Mwingine, kila kiungo kina hesabu yake: ukipigwa mkono, mkono hautumiki, ukipigwa mguu, unapiga goti. Wa kwanza ni rahisi kukumbuka, wa pili unaonekana wa kweli zaidi. Anayehesabu ni wewe uliyepigwa. Mpigaji hahesabu na habishani.

Ukianguka, kwa kawaida kuna muda wa kuvuja damu kabla hujafa, dakika kadhaa kutegemea mchezo, ili mganga akufikie. Kwa hiyo anguka vizuri, pembeni ya njia, na endelea kuigiza maumivu. Aliyelala akipiga soga anaua tukio la wenzake.

Nguvu: piga kwa mkono unaojizuia. Bembea kutoka kwenye kiwiko, simamisha upanga unapogusa, vuta. Kichwa, shingo na kinena haviguswi. Usichome kwa silaha yenye kiini isipokuwa imetengenezwa na kukaguliwa kwa kuchomea. Na usipige kwa kasi ya cherehani: mapigo matano mfululizo bila kurudisha mkono nyuma, michezo mingi inayahesabu kama moja au haiyahesabu kabisa.

#17 NgaoKushoto
Nongeze upande wa mishale, maana wageni wanapenda upinde. Kichwa cha mshale lazima kiwe cha sponji na kipana kuliko tundu la jicho, ndiyo maana kanuni nyingi zinataka upana usiopungua sentimita 5. Nguvu ya kuuvuta upinde inawekewa kikomo, mara nyingi ratili 30 hivi ukivutwa inchi 28. Karibu na mtu usivute hadi mwisho. Na mshale uliokanyagwa usirudishwe kwenye podo kabla hujaukunja na kuukagua. Mti wa mshale uliopasuka hauonekani mpaka uvunjike ukiachiwa.

#18 Sebuleni
Usalama si wa mwili peke yake. @MgeniNjiani uliza kabla ya mchezo: neno la kusitisha ni lipi? Wanorwe wana mawili yaliyoenea sana: kutt linasimamisha kila kitu, brems linasema punguza, usiende mbali zaidi hapa. Kuna na ishara ya mkono: unaunganisha kidole gumba na cha shahada kuwa duara, unamwonyesha mwenzako, maana yake "wewe mchezaji, uko sawa?" Akijibu gumba juu, mnaendelea. Gumba chini, mnatoka pamoja. Mkono ukiyumbayumba katikati, hesabu kama chini. Hapo ndipo wengi wanapotea: wanaona mkono unayumba, wanasema basi kumbe anaweza kuvumilia. Hapana. Mtu anayesita ameshajibu.

Na ipo ya kuondoka: unafunika macho kwa kiganja kama mtu anayekinga jua, unaondoka kwenye tukio. Hakuna anayekuuliza kwa nini, wakati ule wala baadaye.

#19 Mchambuzi_K
Sasa nijibu swali la pili la mleta uzi: kwa nini hawarudi. Sidhani ni mhusika wala upanga. Ni mwili. Mgeni anavaa viatu vipya, malengelenge saa ya tatu. Anasahau kunywa maji kwa sababu yuko ndani ya hadithi. Anavaa shati la minyororo (vazi la vita la pete za chuma) la kuazima, kilo 10 hadi 15, bila mkanda wa kiunoni, uzito wote unakaa mabegani. Ukikaza mkanda na kuvuta shati juu kidogo likae, sehemu kubwa ya uzito inahamia nyongani na tofauti ni ya papo hapo. Hakuna anayemwambia. Jioni ana maumivu ya kichwa na anaamini kwamba hapendi larpu, kumbe ana kiu.

#20 Msuka_Visa
@Mchambuzi_K mwili unauma mara moja, watu wanarudi kwenye mpira wa miguu na magoti yao yanauma. Nasimamia hoja yangu: hawarudi kwa sababu hakuna kilichotokea kwao. Walitazama visa vya wazoefu. Mzoefu akipewa fumbo, analitatua na marafiki zake wale wale. Dawa iko mikononi mwa wazoefu: ukipata barua muhimu, mpe mgeni aipeleke. Ukishindwa vizuri mbele ya mgeni, umempa kisa. Wanaocheza ili kushinda tu ndio wanaofukuza watu.

#21 Sebuleni
Wote mnaangalia wakati wa mchezo. Mimi naangalia siku mbili baadaye. Mtu amekuwa na watu usiku na mchana, amelia, ameapa, amesaliti. Jumatatu anarudi mezani, kimya. Hisia za mhusika nazo zinavuja kwa mchezaji, hasa hasira na mapenzi. Kama hakuna kikao cha kufunga mchezo, mtu anabaki ameshika vitu ambavyo si vyake. Kikao chenyewe si kigumu: vueni kitu kimoja cha maleba, kila mmoja aseme analomwachia mhusika na analobaki nalo, kisha mkamsalimie kwa jina lake la kweli yule mliyekuwa maadui. Dakika 30. Na siku ya tatu mwandaaji amwandikie mgeni ujumbe.

#22 FundiSponji
Mimi nasema ni rahisi kuliko hayo yote. Alichagua mchezo usio wake. Aliyependa mafumbo akapelekwa vitani. Kwenye ile kubwa ya Ujerumani, ConQuest of Mythodea pale Brokeloh, wanakusanyika maelfu. Kuna anayefurahi humo na kuna anayezama. Soma maelezo ya mchezo na utafute mambo matatu: mapigano kiasi gani, mhusika anaandikwa na nani, unalala ndani ya hadithi au nje yake. Maelezo yasiyosema hayo, mwandikie mwandaaji uulize. Asiyejibu, usiende.

#23 BiSindano
@FundiSponji lakini hata aliyechagua sawasawa anaondoka akikaa peke yake wakati wa chakula. Naegemea kwa Msuka_Visa. Ila ya @Mchambuzi_K kuhusu viatu ni kweli tupu. Vaa viatu vyako nyumbani wiki mbili kabla, ufunike kwa kitambaa au ngozi vikionekana vya kisasa. Viatu vibaya huwezi kuvifunika kwa uigizaji.

#24 Refa_wa_Zamu
Kuna njia moja inayopita katikati ya hoja zote nne: mgeni aanze kwenye kikosi cha wasaidizi. Ni wale wanaocheza majambazi, mizimu na wasafiri kwa maelekezo ya mwandaaji. Silaha unapewa, maleba unapewa, mhusika unaambiwa kwa sentensi mbili, unakufa unarudi na sura nyingine. Unajifunza kupigwa, ndiko kuliko kugumu. Na kwenye michezo mingi kiingilio cha wasaidizi ni nafuu au hakipo.

#25 Msuka_Visa
Mkuu hapo sikubali. Msaidizi anajifunza kufa, hajifunzi kutaka kitu kwa saa nane. Ukimtoa kikosini anakuwa mpiganaji mzuri asiye na la kusema.

#26 NgaoKushoto
Ila anakuwa amewaona wachezaji wote kutoka nje na anajua nani anacheza vipi. Hilo lina thamani yake. Huenda nyinyi wawili mnazungumzia wageni wa aina mbili tofauti.

#27 MgeniNjiani
Nawashukuru wote, nimeandika kila kitu. Nimeshaandika mhusika: mjumbe, jina silabi mbili, hati ya kutiwa sahihi. Swali la mwisho: nimeazimwa upanga wa lateksi (sponji iliyofunikwa kwa mpira) kwa mazoezi na unanata kwenye ala ya plastiki niliyouwekea. Nifute kwa mafuta ya mashine?

#28 FundiSponji
@MgeniNjiani USIFUTE. Mafuta ya mashine, petroli na vilainishi vyake vinailainisha lateksi hadi inachubuka, na upanga si wako. Futa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, ukaushe kivulini, usiuanike juani. Kisha nyunyiza silikoni halisi isiyochanganywa na petroli, tabaka jepesi, usambaze kwa kitambaa laini. Kama huna silikoni, poda kidogo inazuia kunata kwa muda. Utoe kwenye plastiki kabisa. Ulaze au uuning'inize kwa mpini, usiusimamishe kwa ncha, kwa sababu kiini kinaichoma sponji kutoka ndani hata ukiwa umesimama tu kabatini.

Na muulize mwenye upanga kama una tabaka la rangi ngumu juu. Baadhi zimepakwa varnishi inayopasuka ukiinyunyizia ovyo, na hizo zina matunzo mengine.

#29 Mchambuzi_K
Na kabla ya yote hayo muulize @MgeniNjiani kama ngozi yake ina mzio na lateksi. Ashike kwa dakika chache, asubiri hadi kesho yake. Vilevile kwa rangi za uso: paka nyuma ya sikio saa 24 kabla.

#30 MgeniNjiani
Mzio sina, nimetumia glavu za lateksi bila shida. Nimeutoa kwenye plastiki sasa hivi. Ncha inaonekana imebonyea upande mmoja, nikiminya nagusa kitu kigumu kidogo.

#31 NgaoKushoto
Usimpige nao mtu. Mrudishie mwenyewe, umwonyeshe hapo ulipominya.